Kutua Mzigo Si Uvivu

Jumamosi, alasiri. Moshi mjini.

"Mama yangu alishuka kutoka Uru na mkungu wa ndizi kichwani mpaka sokoni, akauza, akapanda tena, akakata majani ya ng'ombe, akapika. Hakuna aliyempigia kengele ya kupumzika. Ninyi uchovu mmejifunzia wapi?"

Maneno hayo ni ya Bwana Temba, meneja wa ghala la kahawa ninakofanya kazi. Aliyasema Jumatano mbele ya akina mama wote wanaochambua kahawa, mikono nyuma, tumbo mbele, akitembea polepole kati ya meza kama mwalimu wa zamu. Akina mama waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa mlangoni, kwenye mizani yangu, na nilinyamaza kwa sababu gunia lilikuwa linaning'inia na lori lilikuwa linasubiri.

Leo hakuna gunia. Leo najibu.

Bwana Temba, mama yako nilimfahamu. Alipita njia moja na mama yangu, siku za soko, na mimi mtoto nikiwa nyuma nimeshika upindo wa gauni. Na ninakuambia bila wasiwasi wowote: mama yako alipumzika.

Unapakumbuka pale kwenye kona, kabla njia haijateremka mtoni? Palikuwa na ukingo wa udongo wenye kimo cha bega la mwanamke. Bado upo. Mwanamke aliyebeba mkungu hawezi kuutua chini kabisa, maana hataweza kuuinua peke yake. Anahitaji mahali pa kuusogezea mzigo kutoka kichwani bila kuinama. Ukingo ule ulikuwa umelainika kama sabuni kwa mikungu ya miaka na miaka. Kila mwanamke aliyeshuka alitua pale. Mwenye haraka alitua. Mwenye nguvu alitua. Aliyepita bila kutua aliulizwa siku ya pili amekosana na nani. Pale ndipo walipoambiana nani anaumwa, nani amejifungua, nani kapokea posa. Nimemwona mama yako kwa macho yangu akizungusha shingo, akifunga upya kitambaa, akicheka mpaka akashika mbavu.

Kengele haikuwepo kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwanyang'anya ukingo.

Baridi ya Agosti imegoma kuondoka. Mlima haujajifunua wiki nzima. Ukitazama juu unaona ukungu tu, kama mtu aliyejifunika blanketi hataki kuamshwa. Nimekaa kwenye duka la intaneti karibu na stendi, vidole vimekufa ganzi, kifua kinawaka. Nimeshuka kutoka Uru sasa hivi na matope ya huko bado yako kwenye viatu. Niliyoyaona huko asubuhi nitayafikia. Nikianza nayo nitaandika matusi, na matusi ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Kwanza niwaeleze mnaoingia kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza.

Ghala letu liko pembezoni mwa mji, upande wa reli. Kahawa inashuka kutoka vijijini kwa magunia, mimi naipima, mashine inaikoboa, kisha inakwenda mezani. Mezani wanakaa akina mama, wametazamana, kwenye mabenchi marefu yasiyo na egemeo. Kazi yao ni kuondoa kwa vidole punje ambazo mashine haikuziona: iliyo nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu. Ewe unayekunywa kahawa yetu huko ughaibuni na kuisifia, ujue kuna macho ya mama mmoja yaliyoipitia punje kwa punje. Macho huchoka kabla ya mikono. Ikifika mchana punje zote zinakuwa rangi moja, na shingo inakuwa kama imepigiliwa msumari.

Enzi ghala likiwa la ushirika, juu ya paa kulikuwa na king'ora. Kililia saa sita, watu wakatoka. Kikalia saa saba, wakarudi. Hata akina mama wa mitaa ya jirani waliinjika sufuria kwa king'ora kile. Ubinafsishaji ulipokuja, mwenye mali mpya alianza na waya wa king'ora. Akaukata. Chenyewe kimebaki juu ya paa, ndege wamejenga ndani.

Badala ya king'ora tukaletewa uji.

Uji wa mezani. Unakuja kwenye vikombe vya plastiki, una sukari, una maziwa, ni mtamu, sikatai. Sharti lake ni moja: hakuna kuinuka. Mkono wa kushoto kikombe, mkono wa kulia punje. Bwana Temba anauita huo wema wa kampuni, na ndio huo anaouita mapumziko. "Tunawahudumia mpaka walipoketi," anasema, "mfalme gani anapata hivyo?"

Si mfalme, Bwana Temba. Sisi tunaofuga ng'ombe ndani tunamjua vizuri anayehudumiwa alipo. Ng'ombe huwekewa pumba mbele yake wakati wa kukamuliwa, ili atulie.

Sasa sheria. Sheria mpya ya ajira ya nchi hii haikuandikwa kwa lugha ya mafumbo. Mfanyakazi akifanya kazi mfululizo kupita saa tano, ana haki ya kupumzika saa moja nzima. Mwajiri anaweza kumtaka aendelee katika saa hiyo kama kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au kama hakuna mwingine wa kuifanya. Muuguzi hawezi kumwacha mgonjwa anayekata roho, hilo naelewa. Mlinzi wa tanuri hawezi kuuacha moto.

Kahawa kavu iliyo juu ya meza, je? Inakimbilia wapi?

Kahawa haikimbii.

Hiyo ndiyo hoja aliyoisimamia Mama Deo. Mama Deo ni mchambuzi wa meza ya pili, mwenyeji wa Uru, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, na mumewe ni mpagazi anayebeba mizigo ya watalii kule mlimani. Si mwanaharakati. Mimi ndiye mwanaharakati. Mimi ndiye katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapo ghalani, mimi ndiye niliyewasomea akina mama sheria ile wakati wa kubadilisha nguo, mara nyingi mpaka wakanichoka. Yeye alikuwa anasikiliza tu huku akifunga kilemba.

Mwezi uliopita, kahawa mpya ilipoanza kuingia, siku moja ilipofika saa sita aliweka kikombe chini, akasimama, akasema kwa utulivu kama anayewakaribisha wageni chakula, "Jamani, tukapumzike." Akatoka. Nusu ya akina mama wakamfuata. Wakaketi kwenye nyasi kando ya uzio, wakanyoosha miguu. Basi. Hawakuimba, hawakubeba bango, hawakumtukana mtu. Walinyoosha miguu.

Bwana Temba alitoka ofisini kama nyuki. Akawasimamia. Na mbele ya madereva wa malori, mbele ya wapakiaji, mbele yangu, akasema, "Tazama! Ng'ombe wakishashiba uji, wanalala."

Mama Deo alimtazama kutoka pale chini. Na lazima mjue kwamba kwa upande wa mumewe Bwana Temba ni mtu wa ukoo wao, ni baba yake mdogo. Kwa hiyo alimjibu kwa heshima zote.

"Hata ng'ombe, Baba Mdogo, hupewa muda wa kucheua."

Madereva walicheka mpaka mmoja akapiga honi. Naamini kabisa kwamba asingefukuzwa kwa kupumzika. Alifukuzwa kwa kicheko kile. Jioni ileile aliambiwa asirudi, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni kuacha kazi bila ruhusa na kuchochea wenzake.

Tukafungua shauri kwenye tume ya usuluhishi. Limepangwa kusikilizwa Jumanne hii, saa sita mchana. Tukishinda, Mama Deo anarudi kazini, na meneja atakuwa ameambiwa na watu wenye mamlaka kwamba uji si mapumziko. Shauri likifutwa, uji unabaki kuwa mapumziko, na hapatatokea mwingine wa kuweka kikombe chini. Ninawajua akina mama wale. Wamesomesha watoto kwa benchi lile. Hawana pengine pa kwenda.

Ndiyo maana Jumatano Bwana Temba alikuja mezani na habari za mkungu wa mama yake. Na alipomaliza mkungu akaleta kitisho: "Mnataka saa moja? Sawa. Mtatoka saa moja baadaye. Mpande Uru gizani, majani ya ng'ombe mkakate kwa kurunzi."

Niliona nyuso zikibadilika. Hapo alipiga penyewe, na sitajifanya hakupiga. Kuna akina mama, na si wachache, walioniambia wazi, "Katibu, tuache na uji wetu tuwahi nyumbani." Yupo aliyeniambia Mama Deo ametuponza. Kwao saa ya kupumzika si ile ya mchana. Ni ile ya jioni kabla jua halijazama, wanapowahi kukata majani na kuwasha moto. Atakayewaita wajinga atajibizana na mimi.

Lakini kitisho kile ni cha uongo, na nataka uongo wake uonekane. Sheria ileile inasema saa za kazi kwa siku zisizidi tisa. Wanaingia saa moja asubuhi, wanatoka saa kumi na moja jioni. Hesabu kwa vidole vyako mwenyewe. Saa ya kupumzika tayari imo humo ndani. Haiombwi kwenye jioni yao. Ilikwisha kutolewa mchana na mtu akaikalia. Hakuna anayehitaji kutoka gizani. Anayehitaji kutoka ni Bwana Temba, kwenye saa ambayo si yake.

Sasa leo asubuhi.

Mama Deo alinitumia ujumbe wa simu jana: "Kesho wanakuja nyumbani. Uwepo." Hakusema ni nani. Nikapanda mapema. Nilimkuta uani akikatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe, panga linapanda na kushuka. Mumewe yuko mlimani na watalii na hatashuka mpaka katikati ya wiki. Nikachukua panga la pili nikamsaidia. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia nyayo kabla ya kuona watu.

Mbele alikuwa Meku Aloisi, mkubwa wa ukoo wa mumewe, na fimbo yake. Nyuma yake Bwana Temba. Hakuvaa koti la ofisini. Alivaa sweta iliyotoboka kiwiko, mkono mmoja umeshika ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na mkono wa pili umeshika jani la isale lililofungwa fundo.

Nikaweka panga chini.

Kwa msomaji asiye wa huku: isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na msamaha huo haukataliwi. Hata awe amemwaga damu. Ukikataa isale umejitenga na watu, walio hai na waliotangulia. Nimesoma vitabu vingi, nimebishana na mapadri, nimebishana na makatibu wa chama tawala, nimebishana na marehemu mume wangu mpaka siku ya mwisho. Sijawahi kuona mtu akikataa isale.

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitika. Halafu akasema, "Mama Deo, mwanangu. Baba yako Mdogo alikukosea kwa mdomo. Ameleta isale."

Bwana Temba akapiga hatua mbele. "Nilikuita ng'ombe mbele ya watu, mke wa mwanetu. Halikuwa neno la mtu mzima. Nisamehe."

Na nitasema kweli, maana shajara isiyosema kweli ni gazeti la serikali: sauti yake ilitetemeka. Hakuwa anaigiza.

Lakini mimi nilikuwa naiona Jumanne. Nikauliza, "Na shauri la Jumanne?"

Meku Aloisi hakunitazama. "Jumanne gani? Penye isale hapana Jumanne."

"Mama Deo, usipokee!"

Lilinitoka kabla sijalipima, mimi ambaye kazi yangu ni kupima. Ng'ombe tu ndiye aliyeendelea kutafuna. Mzee alinigeukia taratibu, akaniangalia kuanzia viatu.

"Katibu, umesoma mpaka njia ya kwenu imeota majani? Nani alikutuma kukataa isale kwenye kihamba kisicho chako?"

"Mwache, Meku," akasema Bwana Temba. "Huyu hata mbege ataitafutia kifungu."

Wakacheka wote wawili. Na Mama Deo, Mungu amsamehe, naye akatabasamu. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akapokea isale kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Nimesamehe, Baba Mdogo." Neno moja, halina mkia.

Kata ya mbege ikazunguka. Iliponifikia nilikunywa. Sikuwa na ujasiri wa kukosa adabu mara mbili katika asubuhi moja, na isitoshe ilikuwa mbege nzuri.

Wakati wa kuondoka Bwana Temba akasema, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyetua mzigo, "Basi Jumatatu rudi kazini. Nafasi yako ipo. Uji upo."

Uji upo!

Mama Deo aliwasindikiza mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akarudi, akaichomeka ile isale kwenye udongo kando ya mlango, akaendelea kukata mgomba.

Nikaaga. Alinisindikiza hata mimi, kama ilivyo desturi, na tukashuka mpaka kwenye ile kona. Ukingo bado upo, ingawa greda la barabara limeumega upande mmoja. Akauegemea. Hapo mimi nikafunguka kama bomba lililopasuka.

Nilimwambia isale ni ya watu wawili waliokoseana. Nilimwambia Temba alikosa mara mbili: alitukana, na aliiba saa. Tusi alimtukana yeye, kwa hiyo msamaha wa tusi ni wake kuutoa. Saa aliwaibia meza nzima. Hiyo saa atamwomba nani msamaha, na kwa isale ngapi? Nilimwambia, isale hiyohiyo ndiyo tunayoipanda mpakani, na tangu nizaliwe sijaona mtu anang'oa isale ya mpaka wa jirani, anaongeza shamba lake, halafu anarudi na jani la mpaka uleule kuomba radhi huku shamba amelikalia. Sheria ni mpaka. Asogee kwanza! Nilimwambia ametegwa, ametegwa kwa kitu kitakatifu, na kwamba mtu anayefanya hivyo...

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Haya, maliza. Nimetua, sina haraka."

Akanyoosha shingo, upande huu na upande ule.

"Nimemsamehe kweli, Katibu. Sikuigiza. Alikuja mwenyewe, kashika ndoo mwenyewe, na miguu yake ina jongo. Wewe unataka nimchukie ndipo nidai. Kwa nini? Mimi siwezi kula na chuki mpaka Jumanne."

Nayapima maneno hayo hata saa hizi ninapoandika. Nimepigana maisha yangu yote na watu niliowachukia kwanza. Sijui kama nimewahi kumdai mtu haki huku nikimtakia heri.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma. "Kwa hiyo Jumanne hutakuja?"

Mbuzi wa mtu alipita.

"Nikienda peke yangu," akasema, "ukoo utasema nimepokea isale kwa mikono miwili, kisha nikamshtaki Baba Mdogo kwa mdomo uleule. Watakuwa na haki ya kusema. Mume wangu akishuka mlimani atakuta hatuna wa kutuzika. Lakini tukija meza nzima, huo si ugomvi wangu na yeye tena. Huo niliusamehe. Hiyo ni saa yetu."

"Na wasipokuja?"

"Wasipokuja, nafuta shauri. Nitarudi mezani ninywe uji."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema mvua ikinyesha nitaanua nguo. Akajitenga na ukingo, akafunga khanga, akapanda kwao. Mimi nikashuka.

Nimekaa hapa nikiwaza kwenda nyumba kwa nyumba, Uru na Kibosho huko juu, Njoro na Soweto hapa mjini, kumbembeleza kila mchambuzi. Nitakwenda, nikitoka hapa naanza na Soweto. Lakini najua watakavyonipokea. Watanikaribisha kiti, watanipa chai, watasema "tutaona, Katibu." Mimi kwao ni mdomo. Wananisikia kila siku, na mtu anayesikika kila siku hasikiki. Bwana Temba anaweza kusoma hapa, mwanawe humfungulia, na atafurahi kujua kwamba katibu hana jeshi. Furahi, Bwana Temba. Bado hujasoma mwisho.

Maana akina mama wale hawasomi blogu.

Watoto wao wanasoma.

Kwa hiyo kuanzia hapa sisemi na Temba, wala na Meku Aloisi, wala na hao mnaobishana nami kila wiki kuhusu ubinafsishaji. Ninasema na wewe. Wewe uliye Dar, Arusha, Mwanza, uliyesomeshwa kwa vidole vilivyochambua kahawa. Ninakujua. Unaingia humu mchana, saa ya chakula. Umeacha kalamu mezani, umenyanyuka, hakuna aliyekuuliza unakwenda wapi, ukala wali wako, ukarudi ukiwa na dakika za kusoma mambo ya nyumbani. Saa hiyo unayonisomea mimi ndiyo saa tunayoidai. Wewe unayo. Mama yako hana. Na sheria iliyokupa wewe ndiyo hiyohiyo iliyompa yeye.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Ipo. Lakini magunia yamejaa mpaka kwenye mlango wa ghala, nayapima mimi mwenyewe, na wanunuzi wanapiga simu kila asubuhi. Mchambuzi mmoja akisimama anafukuzwa. Meza zote zikisimama msimu huu, nani atachambua? Bwana Temba na Meku Aloisi?

Na kutoka ghalani mpaka ofisi ya tume ni mwendo wa miguu mfupi. Shauri ni saa sita. Hawatatoroka kazi, hawataomba ruhusa, hawatamkosea mtu. Watatumia saa yao. Hata wasiporuhusiwa kuingia ndani, wakae kwenye ngazi za nje wanyooshe miguu. Mama Deo akichungulia dirishani awaone, basi. Kabla ya saa saba watakuwa wamerudi kwenye mabenchi yao, na jioni watawahi majani ya ng'ombe kama kawaida.

Kesho ni Jumapili. Usisubiri Jumatatu, Jumatatu atakuwa mezani na simu imezimwa. Kama unasoma haya Jumatatu, mpigie usiku akiwa jikoni. Lakini kama unasoma leo, mpigie kesho akitoka misa ya kwanza, akiwa bado nje ya kanisa na wenzake wa meza. Msalimie. Muulize habari za shingo yake, maana hujawahi kumuuliza. Kisha mwambie asimwache Mama Deo peke yake kwenye tume. Mwambie Jumanne, ikifika saa sita, aweke kikombe chini na asimame. Na ampe simu yule aliye jirani yake, umwambie naye.